Pete Katika Udongo wa Mama

Palpara, 16 Kartik 1404

Mama Durga awe upande wetu.

Subodh mdogo wangu,

Pokea baraka zangu kichwani, wewe na mkeo Supriti. Sisi tuzima kwa kadiri ya uzima wa maskini. Ng'ombe amezaa ndama dume, na kila anayepita ananipa pole kana kwamba nimefiwa. Taa za ibada ya Kali tumeziuza zote, nyumbani kwetu tukawasha mbili zilizopasuka ukingo. Mfinyanzi hulia gaeni, marehemu baba hakukosea.

Juzi ilikuwa siku ya dada kuwawekea kaka zao alama ya msandali kwenye paji la uso. Paji lako liko Dhaka, basi nimeiweka ukutani kando ya mlango, pale penye alama za miaka yote uliyokosa kuja siku hiyo. Sasa zimekuwa tisa. Nilifunga tangu alfajiri, nikakuombea mlango wa Yama, mungu wa kifo, uzibwe kwa miiba, mauti yasikuone. Mipira ya nazi niliyokupikia ameila Malati. Yeye ndiye anayeandika barua hii, kama kawaida. Mimi nasema, mikono yangu iko kwenye udongo. (Mjomba, nilikula miwili tu. Mama anatia chumvi. M.)

Sasa sikia lililonikalisha chini. Malati anakohoa tena. Ni ugonjwa ule ule. Vidonge vya mwaka jana alivimeza vyote, miezi minane, nikimsimamia kama askari, na alipona, ulimwona mwenyewe alivyonenepa. Lakini tangu mwezi wa Ashwin homa inarudi kila jioni, na wiki iliyopita kulikuwa na damu kwenye leso. Bwana Afya amepima makohozi mara mbili. Anasema vijidudu alivyo navyo sasa vimezoea vidonge vile, vinavila kama wali. Nikamwuliza, hakuna vingine? Akaangalia viatu vyake.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuja mwezi wa Ashar na wale wenzako wawili wenye glavu. Mlichimba kwenye shimo la udongo la mama yetu, nami nikaruhusu, ingawa shimo lile halichimbwi na asiye wa ukoo. Ukasimama ukingoni ukasema mbele ya majirani wote, "Dada, dawa ya kifua kikuu iko humu." Nilikusikia kwa masikio yangu haya. Je, imeiva? Malati ana miaka kumi na tisa, na tangu baba yake afe sina mwingine. Nijibu haraka, na unijibu kweli hata kama ni chungu.

Dada yako,
Kiranmoyi


Dhaka, 14 Novemba 1997

Dada mpenzi,

Naigusa miguu yako. Mpe Malati upendo wangu, umwambie kwamba anayekula miwili haandiki "tu". Supriti hajambo, anakusalimu.

Barua yako, yenye tarehe ya kalenda yetu ya Kibengali kama kawaida, imenikuta maabara, na kwa bahati nina habari njema. Ndani ya udongo wa shimo la mama tumepata bakteria, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, na kiumbe hicho kinatengeneza kemikali yenye umbo la pete. Usicheke. Unakumbuka tulivyokuwa tukisokota kamba za udongo utotoni? Kamba yenye ncha mbili ukiivuta inakatika. Lakini mama akiziunganisha ncha zake anapata pete, na hiyo ndiyo inayokuwa mdomo wa chungu. Kemikali nyingi ni kamba, vijidudu huanza kuzitafuna kwenye ncha. Hii yetu haina ncha. Tena si ngumu kama bangili, inajipinda kidogo na kuingia mahali ndani ya kijidudu ambapo dawa nyingine hazifiki. Tumeiweka kwenye sahani za kioo pamoja na viini vya kifua kikuu vilivyokataa dawa zote. Baada ya wiki nne sahani zilikuwa safi. Profesa wangu hacheki hata kwenye harusi, siku hiyo alicheka.

Wala si ajabu udongo kutoa dawa. Kile kidonge chekundu alichomeza Malati, kilichokuwa kikimkojoza rangi ya chungwa mkawatisha majirani, nacho ni pete, na chimbuko lake lilipatikana kwenye udongo wa nchi nyingine kabla mimi sijazaliwa.

Sasa nina ombi. Bakteria wetu amekuwa mvivu, kwenye chupa alitoa kidogo na sasa amegoma. Nahitaji magunia mawili ya udongo kutoka chini kabisa ya shimo, pale palipo kijivu. Na tafadhali usiutumie tena udongo ule kutengenezea sikor ya kuuza, vile vipande vya kutafuna. Udongo ule ni dawa, Dada, na dawa haipelekwi sokoni kutafunwa na wajawazito.

Kuhusu Malati, avumilie kidogo. Hapa Dhaka kuna hospitali ya kifua, wana sindano na vidonge kwa watu walioshindwa na vidonge vya kwanza. Orodha ni ndefu. Nitaulizia kitanda.

Mdogo wako,
Subodh


Palpara, 4 Poush 1404

Mama Durga awe upande wetu.

Subodh,

Baraka zangu. Baridi imeingia, ukungu hauondoki hadi saa nne asubuhi na vyungu havikauki. Magunia yako nimeyapandisha treni mwenyewe pale Shaistaganj. Mpagazi akaniuliza, "Mama, kwani Dhaka hakuna udongo?" Nikamwambia upo, ila wa kwetu umesoma.

Nimefanya ulivyosema. Sikor ya shimo lile siuzi tena hata kipande. Wanawake sokoni wamenuna. Mke wa Nitai, mwenye mimba ya tano, alinifuata mpaka uani: "Shangazi, nipe hata kidogo, mate yananijaa." Nikamnyima. Nilimwambia hiyo si ya kutafuna ovyo, ni dawa, amesema mdogo wangu wa Dhaka. Akanitazama kama mwehu.

Malati anapata dawa yake asubuhi na jioni, usiwe na shaka juu ya hilo.

Ulisema utaulizia kitanda. Uliulizia?

Kiranmoyi

(Mjomba, Mama ameenda kumnywesha ng'ombe, naandika upesi. Dawa anayosema ni hiyo hiyo sikor. Anaukata udongo, anaukausha kwa moshi wa pumba za mpunga kama siku zote, na ananilisha vipande sita kwa siku. Vidonge vya Bwana Afya amevipandisha juu ya kabati, anasema vimeshindwa na havina aibu. Nimemwambia kwamba Mjomba hakumaanisha hivi. Anajibu, "Ameandika udongo ule ni dawa. Soma tena." Nimesoma tena, na ndivyo ulivyoandika. Mwandikie umwambie aache. Mimi ni mtoto wake, hanisikii. Wewe ni msomi wake, atakusikia. Nimepungua kilo nne. M.)


Dhaka, 19 Februari 1998

Dada mpenzi,

Naigusa miguu yako. Nisamehe kwa ukimya wa miezi miwili, kazi zimenizidi kimo. Magunia yalifika salama na bakteria ameamka. Sampuli nyingine tumezituma kwa wenzetu ng'ambo. Supriti anaendelea vizuri. Kitanda bado.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo niliyoibandika kwa gundi. Mpelekee Mwalimu Haripada akusomee mkiwa wawili tu. Malati asiisome.

Subodh


(Ndani ya bahasha ndogo)

Dada,

Hapa sithubutu kuigusa miguu yako.

Ile pete inaua viini kwenye kioo, hilo ni kweli. Mwezi wa Januari tuliwapa panya wagonjwa pete hiyo. Viini vilikufa, na panya nao wakafa, maini yao yameharibika. Profesa anasema itabidi tuichonge upya pete yenyewe, tupunguze hapa, tuongeze pale, na kazi hiyo inaweza kuchukua miaka kumi, inaweza isifanikiwe kamwe. Kwa Malati hakuna dawa humo. Kwenye udongo wenyewe kilichomo ni kidogo mno, gunia zima halitoi hata chembe ya kujaza kijiko, na moto wako wa pumba unamaliza hata hicho. Niliposimama kwenye shimo la mama nikasema vile, nilikuwa najigamba mbele ya wenzangu. Nilipokuandikia nilitaka magunia. Malati alinieleza unachomlisha. Nilisoma nikakaa kimya, kwa sababu kukukataza kungenilazimu kukueleza na haya mengine.

Mengine ni haya. Kitanda kilipatikana. Tarehe kumi na moja Desemba waliniita. Masharti yalikuwa ndugu mwenye makazi Dhaka atie saini, na akae na mgonjwa kwake wiki mbili za vipimo kabla hajalazwa. Supriti ana mimba. Hatujakwambia kwa sababu mbili zilizotangulia zilitoka. Mama yake alisema, "Siku msichana yule anapoingia mlango huu, binti yangu anatoka kwa mlango ule." Nilirudi hospitali nikawaambia mgonjwa amebadili nia. Kitanda akapewa mwingine.

Ulinibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha. Nayakumbuka yote. Usimwambie Malati.

S.


Palpara, 28 Phalgun 1404

Mama Durga awe upande wetu.

Subodh wangu, kipenzi cha mama,

Baraka mia juu ya kichwa chako! Malati aliponisomea barua yako ndogo nililia mpaka nikashindwa kuandaa wali. Kumbe ulikuwa unahangaika kimya kimya, na mimi huku nakunung'unikia. Umesema niache kumpa sikor, nimeacha siku ile ile, na vidonge vya Bwana Afya nimeviteremsha. Umesema kitanda kitapatikana mwezi wa Baishakh na utampokea stesheni wewe mwenyewe na mwavuli mkononi. Na Supriti ana mimba! Mwambie asinyanyue ndoo, asitoke nje siku jua likipatwa. Undugu ni kufaana, si kufanana. Watu wa Palpara walisema Dhaka imekumeza, leo nimewafunga midomo.

Kiranmoyi (dole gumba lake hili hapa)


Mjomba,

Mama ameenda kumwambia kila mtu. Nina muda wa kutosha.

Umeandika "Malati asiisome". Nani asingeisoma? Gundi yako niliifungua kwa mvuke wa chungu cha wali. Ningempelekea Mwalimu Haripada, kufika jioni Palpara nzima ingejua kwamba mdogo wake Kiranmoyi alimwuza mpwa wake kwa kumwogopa mkwe. Mama angekufa kabla yangu.

Basi nilikaa mbele yake na karatasi yako mkononi, nikasoma barua ambayo hukuiandika. Nilikutunga, Mjomba. Nilikufanya mtu mzuri. Kila nilipokwama Mama alisema, "Endelea, mbona umenyamaza?", na mimi nikajifanya mwandiko wako haueleweki. Mambo mawili tu nilisoma kama yalivyo, kwamba sikor si dawa na kwamba Supriti ana mimba. Mengine yote ni yangu.

Sikugusi miguu. Wala sikulaumu kwa panya, panya ni kazi yako. Nakulaumu kwa tarehe kumi na moja Desemba. Siku hiyo nilikuwa na kilo arobaini na moja. Leo nina thelathini na sita. Kisha ukapata barua yangu inayokwambia nakula udongo, ukaikunja ukaitia mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi alisema, nami nilidhani anazungumzia chawa.

Nimeahidi Baishakh kwa jina lako. Itimize. Baishakh ni mwezi ambao gurudumu la mfinyanzi halizunguki, Mama hana kazi, atataka kunisindikiza. Nitamzuia, maana akija atataka kuona nyumba yako. Wewe tafuta kitanda.

Malati


Dhaka, 4 Aprili 1998

Malati mwanangu,

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na kitanda. Kimepatikana. Nilisimama kwenye mlango wa hospitali siku kumi na moja, na profesa akaniandikia barua. Njoo tarehe ishirini na mbili Aprili, hiyo kwa kalenda ya mama yako ni siku ya tisa ya Baishakh. Nimetia saini kwa jina langu.

Wiki mbili za vipimo hutakaa kwangu. Nilijaribu. Hapana, nisikudanganye tena, sikujaribu sana. Utakaa kwa Korban Ali, mlinzi wa maabara yetu. Mkewe ni mwema.

Nitakuwa stesheni na mwavuli.

Mjomba wako


Hospitali, wodi ya wanawake, 9 Juni 1998

Mjomba,

Ni dakika ishirini kwa riksho kutoka kwako hadi hapa, na bado nakuandikia, kwa sababu nimemwomba muuguzi asikuruhusu kuingia. Nasikia umekuja mara nne. Machungwa uliyoacha wameyala wenzangu, walisema matamu.

Korban Ali ana watoto wanne na chumba kimoja. Alitoka na wanawe wote wakalala barazani wiki mbili nzima, nikapewa chumba. Nilipomwuliza kwa nini, alishangaa: "Sasa ungelala wapi, binti?"

Kila asubuhi nachomwa sindano. Makalio yangu yamekuwa kama chekeche. Sikio la kushoto linapiga mluzi mchana kutwa, muuguzi akiniita upande huo siitiki. Daktari anasema likifa halirudi, lakini mapafu yatabaki. Nimemwambia achukue sikio. Nina kilo thelathini na nane, na nakula hata chakula cha jirani yangu akigeuka.

Yule daktari kijana nilimwuliza kuhusu pete. Akanieleza kama ulivyoeleza, ila yeye aliongeza jambo ambalo wewe uliliacha: kwamba pete mia hupatikana, na inayofika kwa mgonjwa ni moja au hakuna. Alilisema tu, bila haya wala majigambo, hata sikuumia. Kumbe linasemeka.

Sasa sikiliza. Mama anaamini nalala kitanda cha wageni nyumbani kwako na kwenda hospitali asubuhi kwa sindano. Kila mwezi nitakuandalia barua, wewe utainakili kwa mwandiko wako umpelekee. Usiongeze neno. Ya mwezi huu iko nyuma ya karatasi hii. Hujawahi kunitunza, angalau nakili vizuri.

Malati


Dhaka, 13 Juni 1998

Dada mpenzi,

Naigusa miguu yako. Malati anakula vizuri. Jana Supriti alimpikia samaki ilishi kwa haradali, akala vipande vitatu na kuniibia cha kwangu. Jioni tunakaa naye barazani, ananicheka ninavyochambua samaki mifupa. Sikio lake moja limechoka kidogo kwa sindano, usiogope. Anapendwa sana hapa.

Mvua inanyesha na mito imejaa. Usije kwanza, maji yatakufungia njiani.

Subodh


Palpara, 5 Kartik 1405

Subodh,

Anaandika Mwalimu Haripada. Nimemwapisha kwa miguu ya Durga asiongeze wala asipunguze, na asimwambie mtu. Baraka sijaweka juu. Mwalimu aliniuliza kama nimesahau. Sikusahau.

Mwezi uliopita nilikuwa naandaa tanuri kwa taa za Kali. Nikateremsha mtungi wa sikor ya shimo la mama, ile iliyobaki nilipoacha kumpa Malati, niimwage. Chini yake kulikuwa na bahasha ndogo yenye gundi iliyofunguka kwa mvuke. Barua zako najua sura zake hata kama sijui kusoma. Sikuelewa kwa nini imefichwa, nikampelekea Mwalimu. Alisoma mpaka kwenye panya akavua miwani, nikamwambia vaa, endelea.

Sikulala siku tatu. Halafu nikapanda treni. Mafuriko yalikuwa yamekwisha, lakini Dhaka ilikuwa bado inanuka tope, alama za maji zimefika madirishani. Nilikwenda moja kwa moja hospitali, nikauliza kila mtu "Malati Pal, Malati Pal," mpaka mfagiaji akanishika mkono. Alikuwa amekaa kitandani anasuka nywele za mwenzake. Hakunisikia. Nilimwita mara mbili nikiwa upande wa kushoto, akaendelea kusuka. Nikazunguka upande wa kulia.

Ana kilo arobaini na nne. Makohozi ni safi miezi miwili mfululizo, daktari alinionyesha karatasi, nikaishika kama ninayeweza kuisoma. Umebaki mwaka mmoja wa vidonge. Atapona, Subodh. Atapona bila wewe. Nilimwuliza, kwa nini ulinisomea uongo? Akasema, "Mama, ulikuwa na ndugu mmoja tu." Nililia mbele ya wodi nzima. Kisha nikamwuliza, na ilishi ya Supriti? Akacheka hadi akakohoa, akasema hajala ilishi tangu Palpara, ila kuiandika kulimpa hamu ya kula.

Nilikwenda kumshukuru Korban Ali. Nilimpelekea mtungi wa maji, ule wenye shingo ndefu, kazi ya mkono wangu. Mkewe aliniketisha kwenye kitanda kile kile alicholalia Malati.

Halafu nilipita mtaani kwako. Mlango nilionyeshwa na muuza mboga. Nilisimama upande wa pili wa barabara na furushi langu. Nilisikia mtoto analia ndani, sauti nene, mzima, na mwanamke anambembeleza. Ni mwanao. Mwalimu, andika hivi: nilifurahi. Nilifurahi na nikachukia kufurahi, nikasimama pale mpaka akanyamaza. Sikubisha hodi. Ungeniambia mwaka jana, "Dada, naogopa, mke wangu ana mimba, mama mkwe ananitishia," ningemkodishia Malati pembe ya banda Dhaka na kukaa naye mwenyewe. Ningekuelewa. Hofu yako ningeibeba kama nilivyokubeba wewe. Lakini uliniacha nimlishe mwanangu udongo kwa mkono wangu, kipande kwa kipande, na kila kipande nikilitaja jina lako. Hilo siwezi kuliweka mahali popote.

Kuhusu shimo, waambie wenzako waje wachimbe. Nimewasikia wale wagonjwa wengine wodini wanavyokohoa, na mama zao wamekaa chini kando ya vitanda kama mimi. Pete yenu ikichukua miaka kumi, na ichukue. Wape udongo wote wa mama. Ila waje wao, usije wewe.

Juzi ilikuwa siku ya alama. Nilifunga tangu alfajiri kama kila mwaka, nikasaga msandali. Nikasimama mbele ya ukuta, pale penye alama zako tisa, na kidole kikiwa tayari. Mkono haukwenda. Nikashuka chini kidogo, kimo cha Malati, nikaiweka pale. Majirani wakanifokea, "Kiran, alama ni ya kaka, binti hawekewi!" Nikawaambia najua.

Mlango wa Yama nimemzibia yeye. Wako, mwaka huu, sikuuziba.

Kiranmoyi